Trekta la Massey Ferguson 135 kwenye Miteremko ya Mau

Huku Molo na pande za Mau, nchini Kenya, ambako viazi, ngano na mahindi hulimwa mpaka ukingoni mwa mabonde, Massey Ferguson 135 bado ni trekta la kazi, ingawa Uingereza ilianza kuliunda mwaka 1964 na kuacha katikati ya miaka ya sabini. Wamiliki wenzangu wanaoogopa lisipinduke kiubavu huanza kwa kutanua magurudumu ya mbele, kazi ambayo faida yake ni ndogo mno. Ekseli ya mbele haikukazwa kwenye mwili wa trekta, bali imeshikwa na pini moja katikati ili ifuate mabonde na matuta ya shamba. Kwa sababu hiyo trekta, japo lina magurudumu manne, husimama juu ya pembetatu ambayo ncha zake ni matairi mawili ya nyuma na pini hiyo. Kitovu cha uzito kikivuka upande wa pembetatu, trekta huanza kulala, na ekseli ya mbele haitoi msaada wowote mpaka igonge kizuizi chake, wakati ambao mara nyingi umeshapita wa kuokoa kitu.

Upana unaohitajika ni wa nyuma. Kwa kubadilisha jinsi rimu inavyofungwa kwenye diski yake, yaani sahani ya katikati ya gurudumu, na kwa kugeuza diski yenyewe, nafasi kati ya magurudumu ya nyuma huweza kutoka inchi 48 hadi 76, kwa hatua za inchi 4. Diski ikigeuzwa, gurudumu la kulia lihamie kushoto na la kushoto kulia, la sivyo meno ya tairi yataelekea kinyume na trekta litateleza kwenye tope.

Baada ya upana huja maji. Tairi la 11.2-28, likijazwa robo tatu, yaani mpaka usawa wa valvu ikiwa imewekwa juu, huchukua takriban lita 150, ambazo ni kilo 150 zilizokaa chini kabisa kwa kila upande. Nchi za baridi kali huchanganya chumvi ya kalsiamu ili maji yasigande, lakini chumvi hiyo hula rimu, na baridi yetu, hata ile ya alfajiri ya Julai, haiwezi kugandisha tairi zima. Maji matupu yanatosha.

Tatizo la upana ni kwamba plau haiupendi: trekta lililotanuliwa sana huvutwa upande, kwa hiyo wakati wa kulima hulazimu kulipunguza tena, na hapo ndipo mwelekeo wa kulima unapochukua nafasi ya upana. Plau ya kawaida hutupa udongo kulia, na gurudumu la kulia hupita ndani ya mtaro. Ukianzia juu ya shamba na kulima kukingama mteremko huku mlima ukiwa kuliani kwako, gurudumu la upande wa juu ndilo linaloshuka mtaroni, trekta linakaribia kusawazika, na udongo unarudishwa mlimani. Utarudi bila kulima, na dizeli itaungua bure. Mimi naona ni bei nafuu.

Kupinduka kinyumenyume ni habari nyingine, tena hutokea kwa chini ya sekunde moja au karibu yake. Mzigo wowote wa kuvuta ufungwe kwenye upau wa chini wa kuvutia, kamwe usifungwe kwenye mkono wa juu wa haidroliki, na pedali mbili za breki ziunganishwe kwa komeo lake kabla ya kushuka mlima ukiwa na trela.

Kuhusu fremu ya kumkinga dereva, ambayo Sweden iliifanya lazima kwa matrekta mapya tangu 1959, paa la mabomba lililochomelewa na fundi wa mtaani ni kivuli cha jua tu. Fremu ya kweli hufungwa kwa bolti kwenye nyumba ya ekseli ya nyuma na huenda pamoja na mkanda; mkanda bila fremu humfunga dereva chini ya chuma.