Kumhamisha mama na paka wake, kutoka Pasua hadi Rau

Sisi tulioko nje tuna namna yetu ya kuhamisha wazazi. Nyumba inajengwa miaka nenda rudi, leo tofali, mwakani bati, fundi ukimpigia anasema bado kidogo tu. Siku madirisha yakiingia tunakata tiketi, tunashuka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, na ndani ya likizo hiyo hiyo mzazi anatakiwa awe amehama, nyumba imeombewa, na sisi tumesharudi kazini. Makochi yana nafasi kwenye ratiba hiyo, friji ina nafasi, hata kuku wamepangiwa tenga lao. Paka hawajafikiriwa na mtu.

Mama yangu ana wawili. Sultani ni dume la kijivu, mzee sasa, mnene, asiyependa wageni. Karanga ni jike jembamba la kahawia ambalo likisikia bodaboda linasimama getini kuangalia nani amekuja. Watoto wote tumetawanyika. Mimi niko Tübingen, Ujerumani, mji ulioungana udugu na Moshi mwaka 2014, na wadogo zangu wako Mwanza na Dar. Usiku mama akiangalia taarifa ya habari, waliokaa naye ni hao paka. Kwa hiyo aliponiambia kwenye simu, "Mwanangu, mimi kuhama nitahama, ila Sultani akipotea nitarudi Pasua," nilijua hatanii.

Paka anaijua nyumba kwa pua kabla ya macho. Mashavuni ana tezi zinazotoa harufu ambayo sisi hatuisikii, na anaposugua shavu kwenye kona ya mlango au mguu wa meza anaacha alama kwamba hapa ni kwake na ni salama. Nyumba yote ya Pasua ilikuwa imejaa alama hizo. Nyumba mpya ya Rau ilikuwa inanuka saruji, rangi na thina. Tena Pasua na Rau ni kata za mji mmoja, Moshi, kilomita chache tu, na huo ndio umbali mbaya kwa paka. Ukimpeleka Dodoma hawezi kurudi kirahisi. Ukimvusha kata chache, anakata mashamba ya mpunga na barabara kuu usiku akitafuta kwao, na magari na mbwa wanamsubiri njiani.

Nyumbani tumezoea kumtia paka kwenye gunia, kulifunga na kamba, na kumfungulia akishafika. Mzee mmoja jirani alimshauri mama hivyo hivyo, akisisitiza kwamba paka asipoiona njia hatarudi. Kwa heshima zote, sikubaliani naye. Gunia linamtia paka hofu ya kufa, hewa ni ndogo, na akifunguliwa katikati ya uwanja asioujua anakimbia kokote miguu inakompeleka. Lakini mzee yule ana jambo moja la kweli: paka akiwa gizani, amefunikwa, hutulia zaidi. Tulilichukua hilo, gunia tukaliacha.

Kazi kubwa ilifanyika kabla sijapanda ndege, na ilifanyika kwa simu. Kikasha cha plastiki cha kubebea paka nilikituma mapema kwa mtu aliyekuwa anakwenda likizo, mama akakiweka sebuleni wazi, mlango umetolewa kabisa, ndani ametandika kanga yake kuukuu. Nilimwomba asimsukume yeyote kuingia humo. Dagaa wawili watatu ndani, basi. Karanga alikifanya kitanda. Sultani alikuwa anaingiza kichwa, anakula, anatoka, mpaka siku moja mama akanipigia kwa video kunionyesha mkia umening'inia mlangoni. Kwa kuwa kikasha kilikuwa kimoja, fundi alimtengenezea mama tenga la fito lenye kifuniko, kama la kuku ila madhubuti zaidi, nalo likakaa sebuleni vile vile. Kwa mtu asiyeweza kununua kikasha, tenga zuri linatosha kabisa.

Chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo paka nao wanaihitaji, ilichomwa mapema pia, na nashauri iwe hivyo. Sindano na kuhama visikutane wiki moja. Dume ambalo halijahasiwa lizungumzwe na daktari wa mifugo katika kipindi hicho hicho, kwa sababu hilo hutoroka kutafuta majike hata lisipohamishwa.

Jambo jingine ni harufu. Mama alikuwa anamfuta Sultani mashavu kwa kitambaa laini cha pamba, kisha mpwa wangu anakwenda nacho Rau na kukipitisha kwenye kona za milango na miguu ya kitanda, chini, pale kichwa cha paka kinapofika. Mafundi walimcheka. Aliendelea. Matandiko ya paka tulikataza yasifuliwe mpaka baada ya kuhama, ingawa mama ni mtu wa kufua kila kitu. Na sakafu ya Rau tuliipiga deki kwa maji na sabuni ya kawaida, kwa sababu dawa za usafi zenye harufu kali, hasa zenye fenoli, zina madhara kwa paka anayekanyaga sakafu kisha akajiramba miguu.

Siku yenyewe, kabla vijana wa kubeba mizigo hawajafika, paka waliingizwa stoo na maji, beseni la mchanga na kanga. Mlangoni tukabandika karatasi: PAKA NDANI, USIFUNGUE. Vijana walipiga kelele zao, kabati likagonga ukuta, Kirikuu ikaenda na kurudi, na wale wawili hawakuona chochote. Chakula chao kilikuwa kidogo na cha alfajiri, ili wasitapike njiani. Nyumba ilipobaki tupu ndipo tukawatoa, na hawakupanda juu ya mizigo. Tulikodi teksi, kikasha na tenga vikakaa chini nyuma ya kiti cha mbele, visiteleze, vimefunikwa kanga ila pembeni pana hewa. Mama alikaa nyuma akizungumza nao njia nzima kwa sauti ya chini. Dereva alizima redio mwenyewe bila kuombwa, nikamshukuru sana. Moshi ina joto, kwa hiyo sogezeni safari asubuhi mapema. Paka akianza kuhema mdomo wazi amezidiwa na joto au hofu. Simameni kivulini, mpeni hewa, na akiendelea kuhema hivyo apelekwe kwa daktari.

Rau tulikuwa tumewaandalia chumba kimoja tu. Hapa nataka nisimame kidogo, kwa sababu nyumba zetu nyingi tunazihamia kabla hazijaisha. Nondo za dirishani zinamzuia mwizi, paka anapita. Wavu wa mbu unararuka kwa kucha. Na pasipo dari, paka mwenye hofu anapanda ukuta, anaingia juu ya mbao za paa, na hakuna wa kumshusha. Chagueni chumba chenye dari, wavu wa chuma na mlango unaofunga. Chumba cha mama kilikuwa hivyo. Tukaweka kitanda chake kile kile cha zamani, zulia lile lile lenye manyoya yao, kikasha wazi pembeni, na beseni la mchanga mbali na chakula, kwa kuwa paka hapendi kula penye choo chake. Ndani ya beseni tulichanganya mchanga wa Pasua na mpya.

Karanga alitoka akanusa kila pembe. Sultani aliingia nyuma ya masanduku chini ya kitanda na akabaki huko. Mpwa alitaka kumvuta, tukamzuia. Paka aliyejificha anajituliza, na ukimtoa kwa nguvu unamnyang'anya sehemu pekee anayoiamini. Mama alilala chumba hicho, akawa anasoma Biblia kwa sauti kama kawaida yake ya jioni, na usiku tulimsikia Sultani akitafuna dagaa.

Chakula ndicho cha kuchunga kuliko vyote. Kisibadilike. Nilinyamaza kuhusu kijiko cha maziwa wanachopewa asubuhi, ingawa paka wengi wakubwa maziwa huwaharisha, kwa sababu hawa wameyazoea na hawaharishi. Nilichoomba ni mama asiwaongezee kwa huruma. Paka asiyekula siku nzima, mpigieni daktari wa mifugo. Zikifika siku mbili ni hatari kweli, zaidi kwa paka mnene kama Sultani, kwani mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini na kuliharibu. Na dume likichuchumaa mara kwa mara mchangani bila mkojo kutoka, msingoje kesho. Wasiwasi huchochea ugonjwa wa kibofu, njia ya mkojo ikiziba anaweza kufa. Panadol asipewe hata kipande, ni sumu kwake. Dawa za kupe za mbwa au ng'ombe zenye permethrini nazo zikae mbali.

Mimi niliondoka wakiwa bado wanazunguka ndani ya nyumba tu. Nilimsihi mama asiwafungulie nje kabla ya wiki tatu, na akikuta Sultani bado anatambaa tumbo chini, aongeze. Siku ya kwanza ya kutoka iwe kabla ya chakula, wakiwa na njaa, mlango ukiwa wazi nyuma yao. Mama huwaita kwa kugonga kijiko kwenye sufuria, akaendelea kufanya hivyo kila mlo ndani ya nyumba mpya ili mlio uhamie nao. Mpangaji aliyeingia Pasua alipewa namba ya simu na ombi moja: akiwaona, asiwape chakula, apige.

Wenzangu mnaojiandaa kuhamisha wazazi huko Kilimanjaro, msipange Desemba. Najua ndiyo likizo yetu, najua Wachaga wote tunapanda nyumbani kwa Krismasi. Lakini fikirieni nyumba mpya yenye wajukuu kila chumba, milango ikifunguliwa kutwa, mbuzi anachinjwa uani, muziki, na fataki za mwaka mpya, halafu paka aliyefika juzi. Kama nyumba inakamilika Novemba, mzazi ahamie Novemba hiyo hiyo na ndugu aliye karibu amsaidie, sisi tuikute imetulia. Ikishindikana, subirini wageni waondoke Januari, mfanye safari alfajiri kabla jua halijawaka. Na tiketi ya mmoja wetu ikatwe kwa Februari, awepo paka wanapofunguliwa nje mara ya kwanza.