Rauta chini ya meza ya uhasibu

Kuna kijana tunaishi naye ploti moja, amemaliza kidato cha nne mwaka jana, juzi akanisimamisha hapo kwa geti akaniuliza, kaka, nikitaka kuingia hii kazi yenu ya kompyuta na network nianzie wapi. Nilikuwa nakimbilia matatu nikamjibu juu juu, lakini swali limekaa kichwani siku tatu sasa, wacha nilijibu vizuri.

Mimi nilisomea hapa tao, chumba cha ghorofani, wanafunzi zaidi ya ishirini na kompyuta saba, na mbili kati ya hizo haziwaki. Muhula wote wa kwanza ni kuandika noti. Zile tabaka saba za OSI, yaani mchoro wa hatua ambazo data inapita kwa network, tulizikariri mpaka tukaziota, na hakuna aliyekuwa ameshika kebo kwa mkono wake. Iliniuma sana kwa sababu karo ilikuwa ya mama, pesa ya kuuza mboga, kwa hivyo nikashuka Luthuli, ile barabara ya maduka ya elektroniki Nairobi, nikanunua krimpa (koleo la kubana konekta), mita kadhaa za kebo ya network ya Cat6 na pakiti ya konekta za RJ45, vile vichwa vya plastiki vya mwisho wa kebo, nikaanza kujifunza usiku kwa nyumba. Unachuna ganda, unafungua zile nyuzi nane zilizosokotana, unazinyoosha na vidole mpaka zilale sambamba, nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia, unazikata zilingane, unasukuma mpaka uone shaba imefika mwisho kabisa wa konekta, na lile ganda la nje lazima liingie ndani nalo libanwe, la sivyo mtu akivuta kidogo tu imetoka. Nadhani niliharibu konekta kama kumi na tano kabla ya kupata moja safi.

Lakini kazi yenyewe niliielewa nikiwa atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, ofisi fulani huko Industrial Area. Jumatatu asubuhi tunafika, nusu ya mashine hazioni printa wala mfumo wa stoo, nusu nyingine ziko sawa kabisa. Mimi nikakimbilia moja nikakaa nayo, nikairestati, nikatoa draiva ya network nikairudisha, nikabadilisha kebo, saa moja na zaidi imeisha na watu wamesimama wananiangalia. Mkubwa wangu, tulikuwa tunamwita Mzee, akaja akasimama nyuma yangu, hakuniambia toka hapo, akauliza tu, "Anwani yake ni gani?" Nikaandika ipconfig /all, amri ya kuonyesha anwani ya kompyuta kwa network. Ilikuwa inaanza na 192.168.0, na ofisi nzima tunatumia zinazoanza na 10. "Na hiyo imepewa na nani?"

Hapo ndipo nikashtuka. Kompyuta ikiwaka huwa inapaza sauti kwa network nzima, nani atanipa anwani, na ile seva ya DHCP, yaani inayogawa anwani, ndiyo inajibu. Sasa kukiwa na kifaa kingine kinachojibu pia, mashine mara nyingi inachukua jibu la kwanza, haijui lipi ni la kweli. Ndio maana ilikuwa nusu nusu, zilizopewa anwani ngeni hazikuweza kufikia printa wala stoo.

Nilidhani Mzee ataanza kufuata waya chini ya meza. Hapana, alienda meza kwa meza akisalimia, akafika kwa mama mmoja wa uhasibu, "Shikamoo mama, hapa kwenu kuna kitu kipya kimewekwa tangu Ijumaa?" Mama akamwambia bila kuficha, eeh, nilileta rauta ya nyumbani, waifai haifiki hii kona. Ilikuwa chini ya meza yake, kebo ya ukutani imechomekwa kwa mojawapo ya zile tundu za LAN, inagawa anwani kwa jengo lote. Mzee akaichomoa, akamshukuru, akamwambia atamletea waifai pale, na wiki hiyo hiyo tulivuta kebo tukafunga akses pointi juu ya ile kona. Baadaye niliposoma DHCP snooping, ile ya kuambia swichi, kifaa kinachounganisha kebo zote za ofisi, ni tundu gani pekee inaruhusiwa kujibu, sikuhitaji kuikariri.

Sasa kijana wangu, kusoma kupo na usidharau. Packet Tracer ya Cisco, programu ya kuigiza network, ni ya bure, unaweza kujenga ofisi nzima ndani ya laptopu kuukuu, na tovuti yao ya Networking Academy ina kozi za mwanzo za bure. CompTIA A+, cheti cha mwanzo cha ufundi wa kompyuta, ni mitihani miwili, kila mmoja dakika 90, Core 1 ni vifaa na network, Core 2 ni Windows na wenzake, usalama, na kuna sehemu ya jinsi ya kuongea na mteja ambayo watu wanairuka eti ni rahisi. Usiiruke. Yule mama angeulizwa kwa ukali angenyamaza, na sisi tungetafuta mpaka jioni. CCNA, cheti cha network cha Cisco, ngoja kwanza, ifuate ukishashika kazi kidogo. Na kabla ya kulipa chuo chochote omba kuona chumba cha mazoezi, hesabu mashine zinazowaka, uliza wanafunzi waliopo kama wameshawahi kufungua kompyuta.

Krimpa yangu ile ya Luthuli bado ninayo. Jumamosi njoo na mita mbili tatu za kebo, konekta ziko.