Chupa Moja, Mabanda Saba

Jumamosi iliyopita, saa moja na nusu usiku, nilikuwa nimechuchumaa ndani ya banda langu hapa Kihonda, Morogoro. Mwanangu wa darasa la tano ananimulikia kwa tochi ya simu, mtetea mwekundu nimembana kwapani, na mkono wa kulia umeshika kichupa cha plastiki chenye mdomo wa kudondoshea. Mtetea huyu ni mkali mchana kutwa, lakini usiku ukimlaza ubavu, ukamshika kichwa taratibu kwa vidole viwili, ananyamaza kabisa. Unasubiri jicho lifunguke. Likifunguka unaachia tone, moja tu, na humwachii mpaka apepese. Akipepesa, tone limezama. Ukimtupa chini kwa haraka kabla hajapepesa, anatikisa kichwa na chanjo yote inaishia kwenye maranda.

Nje ya banda bibi wa kona alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, daftari mapajani kwa binti yake, anahesabu kwa sauti. "Kumi na tisa. Haya, mwingine."

Chanjo yenyewe ni ya kideri, ugonjwa ambao wengine mnauita mdondo. Tunatumia TEMEVAC, ile inayostahimili joto, inayotengenezwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari kule Kibaha. Kijana mmoja aliyekuwa anasomea udaktari wa mifugo SUA, chuo kikuu cha kilimo hapa Morogoro, na alikuwa amepanga mtaani kwetu, ndiye aliyetueleza kwamba mbegu ya chanjo hii, I-2, ilitoka Australia, na kwamba ilitafutwa makusudi kwa ajili ya watu wanaofuga kuku wachache mahali ambapo friji ni za shida. Safari inaivumilia. Kufunguliwa halafu ikaachwa, haivumilii. Ukishafungua, tumia. Sasa chupa tunayoipata sisi dukani ni ya dozi 200, na mtaani kwetu hakuna mwenye kuku 200.

Bibi wa kona ana kuku watano. Anunue dozi 200 kwa kuku watano? Kwa miaka mingi hakununua, na kila kideri kilipopita kilimfagilia banda zima. Watu wakasema wazee hawataki chanjo, wanaamini shubiri na pilipili. Si kweli. Nilipomuuliza alinijibu kwamba aliwahi kwenda dukani, akaambiwa bei, akahesabu kuku wake, akarudi nyumbani. Bei ile ilikuwa inazidi faida yake yote.

Leo tuko kaya saba. Kwa hesabu ya Jumamosi tulikuwa na kuku 171. Tunachanga shilingi 100 kwa kila kuku, wala si kiwango kimoja kwa kila nyumba, na jambo hili tulilibishania jioni nzima mara ya kwanza. Kaka mmoja anafuga kuku chotara 77, aina ya Kuroiler, kwa hiyo mzigo mkubwa unamwangukia yeye. Mwanzoni alinuna. Kisha akasema mwenyewe kwamba kuku watano wa bibi wasipochanjwa, kuku wake 77 wanalala jirani na moto. Tangu siku hiyo hatujazungumza tena habari ya mchango. Kinachobaki baada ya chupa kinanunua barafu ya kuweka kwenye chupa ya chai, na jiki ya kukanyagia, maana kila mlango wa banda lazima uwe na beseni. Hatutoki banda moja kwenda jingine na tope la jirani kwenye ndala.

Mimi nilihamia hapa mwaka 2016 kwa uhamisho wa kikazi. Ni mwalimu wa shule ya msingi. Natokea Singida, na aliyewahi kusafiri barabara ya kwetu anayajua matenga ya kuku yanayoteremshwa Dar es Salaam, kwa hiyo hatashangaa nikisema mama yangu hakuniaga kwa mikono mitupu. Alinipa mitetea wawili na pora mmoja. Nilipofika niliwafunga kwa vipande vya kanga kwenye mpera wa uani, wapazoee. Siku ya pili bibi mmoja akapita kwenye uchochoro, akasimama.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," akasema, na sikujua kama anawasema kuku au ananisema mimi, kwa sababu nilikuwa sijatoka nje ya ua ule tangu nishushe mizigo. Akaingia bila kungoja kukaribishwa, akainama, akafungua fundo langu na kulifunga upya. Mimi nilikuwa nimekaza. Yeye aliliacha mpaka kidole chake kikapita kati ya kanga na mguu, na kwa yule pora akalishusha mpaka juu kidogo ya kipi. "Kamba ni ya kumzuia, si ya kumkata." Ndivyo nilivyomfahamu bibi wa kona.

Lakini urafiki wenyewe niliujua Oktoba 2019.

Nilikuwa na kuku 23. Asubuhi moja nilimkuta pora amesimama peke yake ukutani, mabawa yameshuka kama koti lililomzidi mtu. Kinyesi chake kilikuwa cha kijani. Kesho yake mtetea wangu mzuri kuliko wote, mweusi mwenye kishungi, shingo ilikuwa imepinda, kichwa kinatazama mgongoni, anazunguka palepale. Nilimnywesha maji ya shubiri kwa kijiko. Nilimwagia majivu. Kideri hakina dawa, na mimi mwalimu wa sayansi nililijua hilo, lakini mikono inatafuta cha kufanya. Siku ya sita nilikuwa nimezika 19.

Katika siku hizo bibi hakuingia kwangu hata mara moja. Alikuja kila magharibi, akasimama nje ya geti, akaniita, tukaongea kwa kupaza sauti kama watu waliotenganishwa na mto. Siku ya kwanza iliniuma. Nilidhani ananikimbia, mtu niliyemzoea kunywa naye chai. Siku ya pili alinisomea uso.

"Mwalimu, usidhani nakutenga. Nikiingia kwako nikarudi kwangu, nimekibeba kwa miguu. Halafu nitapita kwa mama chapati, nimpelekee na yeye. Ngoja kipite, nitaingia."

Juu ya nguzo ya geti alikuwa ameacha bakuli la mihogo ya nazi limefunikwa kwa sahani. Bakuli hilo hakulitaka lirudi mpaka lioshwe kwa maji ya moto na kukaa juani siku nzima. Nimelikumbuka mara nyingi bakuli lile.

Siku ya tatu alikuja mchuuzi na baiskeli. Sijui alisikia wapi. Aliwataka waliokuwa bado wamesimama, shilingi 4,000 kila mmoja, pesa taslimu. Nilikuwa na ada ya mtoto mbele yangu, na kuku wale niliona kabisa kwamba kesho watakufa. Nilikwishawashika wawili miguu. Bibi akapaza sauti kutoka kule getini: "Mwalimu! Hao wakitoka hapo wanakwenda kumuulia mwenzio usiyemjua." Yule kijana akaondoka amekasirika. Nami nilikasirika, kusema kweli, kwa muda wa kama saa nzima. Halafu nikachimba shimo, futi tatu, nikaweka chokaa.

Kulikuwa na jambo jingine zito kuliko shimo: kuwaambia majirani wengine. Sikutaka. Nilikuwa naona aibu, kana kwamba kideri kimekuja kwa sababu ya uchafu wangu, na nilikuwa na hofu kwamba watasema ni yule wa kuja ndiye aliyetuletea. Nilinyamaza siku mbili. Siku mbili zile nazijutia mpaka leo, kwa kuwa mama anayeuza chapati, nyumba ya pili kutoka kwangu, alipoteza kuku wanane, na huenda angeokoa baadhi. Siku ya tatu nilikwenda mageti yote, nikasimama mbali, nikasema: "Kwangu kideri kimeingia. Fungieni kuku wenu." Babu wa mwembeni hakuniuliza hata swali moja. Aligeuka palepale, akawafungia, akawapelekea maji na pumba bandani kwa wiki tatu. Hakufa hata mmoja. Kila tukikutana ananikumbusha, "Ulinikomboa, Mwalimu," nami namjibu kwamba nilichelewa.

Mama chapati hakunilaumu kwa neno. Alichofanya kimenikaa moyoni kuliko lawama. Januari 2020, banda likiwa limekwisha kupigwa chokaa na kupumzishwa, mimi nilibaki na mapora watatu na mtetea mmoja ambaye shingo yake haikunyooka tena. Koo wake mmoja aliyesalimika alikuwa ametaka kuatamia. Badala ya kumwekea mayai yake, alimwekea mayai 12 ya kwangu, yaani aliyonichangishia: matano ya babu, manne ya bibi, matatu ya nesi wa nyumba ya bluu. Siku ya saba tulikaa wote watano jikoni kwake, taa imezimwa, tukayapitisha mbele ya tochi moja moja. Yai lenye uhai linaonyesha mishipa myekundu imetawanyika kama miguu ya buibui, na katikati kidoa kinatikisika. Mawili yalikuwa meupe. Siku ya 21 wakatoka tisa, moja likabaki viza. Koo akahamia kwangu na wale tisa, akakaa miezi miwili, hatagi, analea kundi langu, na mwenye koo anakosa mayai ya kuuza. Nilijaribu kumlipa. Alinitazama kama nimemtukana.

Kuku wote nilio nao leo wametokana na wale tisa.

Mengine ya kila siku ni madogo, nayo ndiyo mengi. Mwewe akitokea, anayemwona kwanza anapiga sufuria na kupaza sauti, na sauti inapokelewa ua hadi ua, "Mwewe! Mwewe!", mpaka inafika mwisho wa mtaa kabla yake, na watoto wangu wanajua kuacha hata daftari la hesabu wakimbilie vifaranga. Mtu akipata msiba akasafiri, mabanda yake yanafunguliwa na kufungwa na waliobaki, na mayai yake yanakusanywa kwenye kapu lake bila kupungua. Majogoo tunabadilishana kila baada ya mwaka mmoja au miwili, ili kuku wasizaane ndugu kwa ndugu. Ugomvi nao upo. Kuku wangu walichakura matuta mawili ya mchicha ya nesi, usiku ametoka zamu, na siku hiyo nilisikia maneno. Nilimpelekea viroba vitatu vya samadi, nikaongeza wavu. Mchicha wake sasa unanishinda mimi kuuvuna, maana ananiletea kila wiki.

Ratiba yetu ya chanjo ni Januari, Mei na Septemba. Tumechagua hivyo ili kinga isikatike, hasa kabla ya kiangazi, ambapo kideri hutuchungulia. Masharti ni mawili tu. La kwanza, banda lenye kuku mgonjwa haliingiwi usiku huo, wanangoja. La pili, anayeona kuku amesinzia tu, hata akidhani ni mafua, anasema siku hiyohiyo. Sharti hilo la pili niliomba mimi liandikwe, kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.

Nirudi Jumamosi. Banda la bibi tunaliacha la mwisho kila mara, kwa sababu lazima tunywe chai. Macho yake yameingia ukungu na tone halioni tena, kwa hiyo tumegawana: yeye anashika, mimi nadondosha. Kushika bado hakuna anayemfikia. Anaingiza mkono gizani, anapapasa mgongo, anasema, "Huyu ni yule wa kishingo," na kuku hapigi hata bawa. Safari hii alimshika mtetea wake mkongwe, akamlaza mapajani, akamziba jicho la chini kwa kiganja ili mwanga usimsumbue, akaniuliza, "Amepepesa?"

"Bado, bibi."

"Tungoje."

Tukangoja. Akapepesa.

Kichupa kilikuwa na matone yamebaki. Kwa kawaida tunayamwaga kwenye maji ya jiki na chupa tunaichoma. Lakini binti yake alisema kwenye nyumba ya uani, upande wa nyuma, amehamia mama mmoja na watoto wawili, juzi tu, na amekuja na kuku. Bibi akachukua fimbo yake. Tulizunguka na chupa ya chai yenye barafu, tukapiga hodi. Mama kijana akatoka akifuta mikono, na nyuma yake, kwenye mwanga wa jikoni, niliwaona: mitetea wawili, kila mmoja na kamba mguuni, wamefungwa kwenye mguu wa meza.

"Karibuni. Samahani, hata viti bado." Akatutazama, akaitazama chupa. "Hiyo mnauza bei gani?"

"Shika kuku wako, mwanangu," bibi akamwambia, ameshaanza kuinama aitazame kamba. "Barafu inayeyuka."