Mchana Nduaro Hakai Juu

Mtu akiniuliza ni kitu gani kimebadilisha zaidi utafiti wa samaki wakubwa wanaohamahama baharini, nitamtajia kifaa chenye umbo la maikrofoni ndogo, ambacho huchomekwa mgongoni mwa samaki karibu na pezi, kikakaa hapo kwa miezi kadhaa kikirekodi kina, joto na mwanga, na siku iliyopangwa ikifika kikajikata chenyewe, kikaibuka juu na kutuma kumbukumbu zake kwa setilaiti. Mwanga ndio unaomwezesha mtafiti kukisia samaki alikopita, kwa kuwa saa za macheo na machweo hutofautiana kutoka sehemu moja ya dunia hadi nyingine. Vifaa vya aina hii vilionyesha kwamba mstari wa nyuzi 45 magharibi, ambao tume ya kimataifa ya uhifadhi wa jodari wa Atlantiki, ICCAT, imeutumia tangu mwaka 1981 kuyatenganisha makundi mawili ya jodari aina ya bluefin, huvukwa na jodari hao kana kwamba haupo.

Hata hivyo, samaki aliyenifanya nianze kufuatilia habari hizi ni nduaro, yule mwenye mdomo mrefu na bapa kama upanga. Mchana hushuka mamia ya mita, kwenye maji ya baridi na giza, na usiku hupanda karibu na uso wa bahari akifuata ngisi na samaki wadogo ambao nao wamepanda. Anaweza kuwinda katika baridi hiyo kwa sababu ana msuli maalumu unaopasha joto macho na ubongo wake. Wavuvi wa zamani hawakuhitaji kumfuata huko chini. Walisubiri apande, wakatandaza majarife usiku. Pwani ya California jarife moja liliweza kufikia urefu wa karibu kilomita 1.8. Tatizo ni kwamba tabaka hilo la juu si la nduaro peke yake. Kasa ngozi, papa, simba-bahari, hata nyangumi hupita humo humo, na wavu haumuulizi mtu jina. Mwaka 2001 eneo kubwa la pwani hiyo lilifungwa kwa majarife kila mwaka, kuanzia katikati ya Agosti hadi katikati ya Novemba, ili kuwanusuru kasa ngozi.

Hapo ndipo watafiti wa taasisi ya utafiti wa mazingira ya Pfleger, iliyoko Oceanside, California, walipoligeuza swali. Badala ya kuuliza wavu utobolewe vipi ili kasa aponyoke, waliuliza kwa nini nduaro avuliwe saa ileile na mahali palepale anapochangamana na wengine. Kumbukumbu za vifaa vile zilikuwa zimekwisha kuonyesha kina anachokaa mchana, kwa hiyo wakatengeneza mtego wa kumfuata huko. Ni mtego wa kawaida mno ukiutazama: maboya machache yaliyofungwa pamoja, mshipi unaoteremka wima, chubwi nzito mwishoni na ndoana zisizozidi tatu. Uzito wa chubwi huufikisha mshipi chini upesi, chambo kikapita tabaka la juu kabla kasa au papa hajakiona.

Kinachonivutia zaidi ni yale maboya. Samaki akinasa, maboya huvutwa chini, au, samaki akipanda na kuunyanyua mzigo wa chubwi, mshipi hulegea na maboya yakalala. Mvuvi anayeyaangalia kwa darubini huona badiliko hilo na kwenda mara moja, hivyo nduaro hufika chomboni akiwa bado mbichi kabisa, na kiumbe asiyetakiwa hurudishwa majini akiwa hai. Muda huo si jambo dogo. Watafiti hao hao walipochunguza papa wa mkia mrefu, ambaye hupiga mawindo kwa mkia na hivyo mara nyingi hunasa kwa mkia huo huo, waliona kwamba akivutwa kinyumenyume maji hayapiti vizuri kwenye matamvua, na waliovutwa kwa muda mrefu walikufa hata baada ya kuachiliwa.

Kwenye mishipi mirefu ya bahari kuu, yenye ndoana nyingi, dawa ya kunaswa kwa kasa ilikuwa ndoana yenyewe. Niliwahi kuziweka aina mbili kiganjani: ile yenye umbo la herufi J ilinichoma nilipofunga vidole, ilhali ile ya duara, ambayo ncha yake imegeuzwa ndani kuelekea shina, iliteleza tu. Katika majaribio ya Marekani kaskazini-magharibi mwa Atlantiki, kati ya mwaka 2001 na 2003, ndoana kubwa za duara zenye chambo cha vibua badala ya ngisi zilipunguza sana kunaswa kwa kasa duvi na kasa ngozi, bila kupunguza mavuno ya nduaro. Kwa masharti hayo uvuvi wa nduaro wa Hawaii, uliofungwa mwaka 2001, ulifunguliwa tena mwaka 2004. Katika kipindi kile cha kufungwa walaji hawakuacha kula nduaro. Sokoni waliletwa wa kutoka meli za nchi nyingine, ambazo nyingi hazikubanwa na sheria kama hizo. Ndiyo maana sishangilii kila tangazo la kufunga uvuvi.

Mtego wa maboya uliidhinishwa rasmi na serikali ya Marekani mwaka 2023, lakini una kasoro ambayo wapenzi wake huipitia haraka. Chombo kimoja kinaruhusiwa seti kumi tu, na mavuno yake ni ya samaki mmoja mmoja, hivyo mvuvi hutegemea bei nzuri ya samaki mbichi ili mafuta yake yalipe. Kwa sababu hiyo kumekuwa na majaribio ya kuziunganisha seti hizo kwa mshipi mmoja wa chini ya maji ili ndoana ziongezeke, kwa sharti kwamba boya likilala bado mvuvi aweze kuliona na kulifikia.