Mstari wa shahidi

Siku ile ya huduma mkoba, yaani wahudumu wa afya walipokuja na vifaa vyao kuhudumia watu kijijini au mtaani, Agosti 2014, waliofika kituo cha afya kutaka kufunga kizazi walikuwa kumi na moja. Wa tisa kwenye orodha alikuwa na miaka 34, watoto wawili, hajaolewa. Kadi yake ilieleza mengine: mtoto wa pili alizaliwa kwa upasuaji, na kabla ya upasuaji huo mama aliomba mirija yake ya uzazi ifungwe hapohapo. Hospitali alikojifungulia ilimuuliza mumewe yuko wapi. Aliposema hana, akaambiwa amlete hata kaka yake aweke sahihi. Kaka hakuwepo, tumbo likashonwa, akaenda nyumbani.

Kosa lilianzia kwenye fomu ya ridhaa. Chini ya sahihi ya mteja kulikuwa na mstari wa shahidi, na huyo anahitajika pale mteja asiyejua kusoma anapoweka dole gumba, ili athibitishe kwamba amesomewa na ameelewa. Wengi waliusoma mstari huo kama mahali pa mume. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani hauweki sharti la ndoa, idadi ya watoto wala ruhusa ya mwanamume. Unachotaka ni mteja aelewe kwamba zipo njia za muda, huu ni upasuaji wenye hatari na faida zake, hatazaa tena, ni vigumu kuurudisha nyuma, haumkingi na VVU, na anaweza kubadili mawazo hata akiwa ameshalala mezani.

Umri ndio unaostahili mazungumzo marefu. Utafiti mkubwa wa Marekani uliofuatilia wanawake kwa miaka 14 ulikuta waliofungwa wakiwa na miaka 30 au chini yake walijutia kwa asilimia 20.3, dhidi ya 5.9 kwa waliozidi umri huo. Hiyo ni sababu ya kumweleza mtu kwa kina njia za muda, kama kijiti cha mkononi na kitanzi cha ndani ya mji wa mimba. Kumfukuza ni jambo jingine. Huyu dada kijiti alishakitumia, damu ikamtoka miezi mitano mfululizo.

Siku ya upasuaji wa kujifungua, mirija ingefungwa kwa dakika chache tu, tumbo likiwa tayari wazi, mradi ridhaa iwe imechukuliwa kliniki ya wajawazito na si katikati ya uchungu. Sasa kovu lilikuwa na miaka miwili, na kovu huacha viungo vikiwa vimeshikana. Ndiyo maana daktari alimpima kwanza kwa mikono miwili, mmoja ukeni na mwingine juu ya kinena. Mji wa mimba ungekuwa umeganda mahali pamoja, angepelekwa hospitali yenye dawa ya usingizi. Ulisogea. Hedhi ilikuwa siku ya nne, kwa hiyo hofu ya mimba haikuwepo.

Alikojoa dakika chache kabla ya kupanda mezani. Kibofu kilichojaa hukaa pale pale kisu kinapopita. Uzito wake kilo 58. Kwa lignokeini, dawa ya ganzi, kikomo cha miligramu 4.5 kwa kila kilo ni miligramu 261, yaani mililita 26 za asilimia 1, basi. Chupa zilizokuwepo zilikuwa za asilimia 2. Zilichanganywa nusu kwa nusu na maji ya chumvi, na kila bomba la sindano likaandikwa kwa kalamu, kwa sababu asiyepunguza anampa mgonjwa dozi mara mbili, na dalili yake ya kwanza ni mlio masikioni na ganzi mdomoni, kisha degedege.

Mililita 20 zilianza. Chale ya sentimita tatu ikafuata kovu la zamani, na chuma kilichopitishwa ukeni kikauinua mji wa mimba hadi karibu na jeraha. Mrija wa kushoto ulipatikana upesi. Daktari aliufuata hadi kwenye vidole vya mwisho wake kabla ya kufunga, maana kano ya mviringo iliyo jirani hufanana nao, na anayeifunga kano humrudisha mama nyumbani akiwa na uzazi wake wote. Mrija ulikunjwa, mkunjo ukafungwa kwa katgati ya kawaida, uzi wa utumbo wa mnyama, kikakatwa kipande cha sentimita moja. Uzi huo huyeyuka upesi, ncha mbili zikaachana na kujiziba kila moja upande wake.

Wa kulia ulikuwa umenaswa nyuma ya utando wa mafuta ya tumboni. Ulitafutwa dakika 15. Mama alisema, “Daktari, unanivuta mpaka kifuani,” na ikaongezwa mililita 4, zikabaki 2 za akiba. Wanane waliomtangulia walichukua dakika 20 kila mmoja. Yeye alichukua 45.

Alipewa paracetamol, asibebe ndoo wala kulala na mwanamume kwa wiki moja, na arudi mara moja akipata homa ya 38, usaha au kuzimia. Aliambiwa pia kwamba hedhi ikikosekana siku yoyote ya mbele, tumbo likauma upande mmoja, asingoje kesho: njia hii haishindwi mara nyingi, lakini ikishindwa, mimba huweza kukaa kwenye mrija.

Siku ya saba nyuzi tatu zilitolewa. Aliomba nakala ya fomu, akaikunja mara nne na kuitia ndani ya kadi ya mtoto wa pili.