Na maskauti kutoka Nakuru hadi Kisumu, tukifuata maji ya Nyando

Tuliondoka Nakuru kabla ya jua kuchomoza, maskauti wadogo wa kundi la Chipukizi na wale wa Mwamba wanaowazidi umri wakiwa wamebanana kwenye basi la shule, mahema na masufuria yakiwa yamerundikwa nyuma, na Jasiri wachache, yaani wale waliovuka umri wa miaka 18 ambao sasa hutusaidia sisi walimu kama viongozi wa kujitolea, wakihakiki majina mlangoni. Tulikuwa tunakwenda Kisumu, kwenye kambi ya vikosi vya Bonde la Ufa na vya kando ya Ziwa Victoria, na sharti la kambi lilikuwa moja: kila kikosi kisimame mbele ya wenzake, kieleze kazi ya kujitolea ambayo kimeifanya tangu mafuriko ya 2024, kisha kieleze hali ya kazi hiyo ilivyo leo. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo iliyonivuta. Nimehudhuria sherehe nyingi ambapo miche hupandwa mbele ya wageni wa heshima, picha zikapigwa, kisha miche ikaachwa ife kwa kiu bila mtu kurudi kuitazama, na jambo hilo huniumiza kwa sababu watoto wanaona, na wanajifunza kwamba kazi huisha pale picha inapopigwa.

Barabara ya kutoka Nakuru hadi Mau Summit, kwa mtu anayeijua, haipitwi kwa moyo mwepesi. Pale Sachangwan, mwishoni mwa Januari 2009, lori la mafuta lilipinduka, na moto uliolipuka ukaua watu zaidi ya 100, wengi wao wakiwa wamekwenda kuchota petroli. Mbele kidogo, kwenye makutano ya Londiani, Juni 2023, lori lilipoteza mwelekeo likawavamia wachuuzi na abiria waliokuwa wakisubiri magari, na zaidi ya watu 50 wakapoteza maisha. Ni kwa sababu ya barabara hii kwamba vijana wetu wa Nakuru walichagua kuwafundisha waendesha bodaboda huduma ya kwanza, kwa kuwa mwenye bodaboda ndiye anayefika kwenye ajali kabla ya polisi na kabla ya gari la wagonjwa. Njiani mvulana mmoja wa Mwamba aliinuka akaanza kuwahoji wadogo zake.

"Umemkuta majeruhi amelala barabarani. Unaanza na nini?"

"Namwinua nimweke kando," alijibu mmoja.

"Hapana. Unaanza kwa kutazama kama wewe mwenyewe uko salama, halafu unamtuma mtu asimamishe magari. Ukimwinua vibaya, unaweza kumvunja shingo."

Waliendelea hivyo hadi Salgaa ikawa nyuma yetu: jinsi ya kukandamiza jeraha linalovuja damu kwa kitambaa safi bila kukiondoa kila mara ili kuchungulia, jinsi ya kumlaza kwa ubavu aliyezimia lakini anapumua, jinsi ya kuwarudisha nyuma watu wanaozingira ili majeruhi apate hewa. Skafu ya skauti wanayoivaa shingoni iliundwa kwa kusudi la namna hiyo pia, kwani ikifunguliwa na kukunjwa hutosha kuushikilia mkono uliovunjika.

Londiani tulisimama kuchukua kikosi cha huko. Mji huu ndio wenye Chuo cha Misitu cha Kenya, na kiongozi wa kikosi ni mzee aliyestaafu kazi ya misitu, ambaye watoto wote, hata wa kwetu waliomwona siku hiyo kwa mara ya kwanza, walimwita Babu. Alikuwa ameandaa miche ya mianzi, mizizi yake ikiwa imefungwa kwa magunia yaliyoloweshwa, na aliipakia kwenye basi kwa mikono yake mwenyewe, akikataa kuharakishwa. Mierezi aliiacha kitaluni, kwa kuwa mti huo ni wa baridi na haungefurahia joto la uwanda wa Kano, kule chini karibu na Kisumu. Karibu na tulipoegesha palikuwa na kijito chembamba ambacho mtoto angeweza kukiruka.

"Babu, maji haya yanakwenda wapi?" aliuliza msichana wa Chipukizi.

"Yanautafuta mto Nyando, mjukuu wangu. Mtayavuka tena Ahero, na huko hamtaweza kuyaruka."

Kisha akatueleza, akiwa amesimama hapo hapo, kwamba nyanda hizi za juu zikibaki tupu mvua haizami ardhini bali huteremka kwa kasi ikibeba udongo, kwamba udongo huo hutua kule chini ambako mteremko umekwisha, na kwamba kitanda cha mto kinapojaa tope, mto hauna budi kutoka nje na kuingia majumbani. Aliwaonya pia wasipande mikaratusi karibu na chemchemi, kwa kuwa mti huo hukua haraka lakini hunywa maji mengi mno. Nimelifundisha somo la mzunguko wa maji darasani mara nyingi, lakini sijawahi kuona watoto wakilisikiliza kama walivyolisikiliza kando ya kijito kile.

Kericho tuliipita bila kusimama, mashamba ya chai yakiwa pande zote. Joto lilianza kutupata tulipoteremka kuelekea Awasi, na Ahero tukaukuta mto kama Babu alivyosema: mpana, wa rangi ya udongo, ukipita chini ya daraja karibu na mashamba ya mpunga. Kwenye kuta za nyumba kadhaa mstari wa tope ulikuwa bado unaonekana, ukifika usawa wa kifua cha mtu mzima. Basi lilinyamaza. Hapo ndipo tulipowashusha vijana wa Londiani na mianzi yao, wenyeji wao wakawapokea kwa kupeana mkono wa kushoto, kama maskauti wasalimianavyo duniani kote, na baada ya miche kuwekwa kivulini wote wakaungana nasi hadi Kisumu.

Alasiri, baada ya mahema kusimama na bendera kupandishwa, ripoti zilianza. Vikosi kadhaa vilisema mambo ya kawaida na sitayarudia. Kikosi cha Ahero kilimtuma msichana wa Mwamba, mwembamba, mwenye sauti ndogo, ambaye alianza kwa kusema kwamba sehemu kubwa ya miche yao ya kwanza ilikufa. Waliipanda karibu mno na maji, mto ulipofurika ukaisomba, na iliyosalia ikafunikwa na tope. Aliyasema hayo mbele ya wageni bila kutafuta mtu wa kumlaumu. Kisha akaeleza walivyoanza upya: walipanda juu zaidi ya ukingo, wakatumia mianzi na matete yenye mizizi inayoshika udongo, wakagawana ukingo kwa familia ili kila kipande kiwe na jina la mtoto anayekijua, na Jumamosi huzunguka wakiandika kwenye daftari mche ulio hai na uliokufa. Daftari lenyewe alikuwa nalo, kurasa zake zikiwa zimejikunja kwa unyevu. Kwangu mimi hiyo ndiyo iliyokuwa habari kubwa ya kambi nzima, na natamani kila kikosi katika nchi hii kiwe na daftari kama lile.

Hakuishia hapo. Alitoa mtungi wa plastiki wa lita tano uliofungwa kamba ndefu shingoni, akaonyesha maji kidogo yaliyokuwa ndani. Maji hayo, alisema, huupa mtungi uzito wa kutosha kurushwa mbali, na hewa iliyobaki ndiyo inayoufanya uelee ili anayezama aukumbatie. Upande wa pili wa kamba ulikuwa na kitanzi cha fundo lisilojikaza, kwa sababu fundo linalojikaza humkata mwokoaji kiganja. Mwenzake alilala kwenye nyasi akijifanya amezidiwa na maji. Msichana akarusha, akakosa, akaivuta kamba bila haraka, akarusha tena, na mtungi ukaangukia kwapani mwa mwenzake. "Tunarusha, tunavuta, hatuingii majini," alisema. "Asiyefunzwa kuokoa akiingia, watazama wawili." Sheria hiyo wameifundisha katika shule za msingi za jirani, na nilimwona Babu akitikisa kichwa polepole kwa kuridhika.

Siku iliyofuata tulikwenda ufuo wa Dunga, penye mafunjo na mashua za wavuvi. Magugu maji, ambayo yamelisumbua ziwa hili tangu miaka ya 1990, yalikuwa yamesukumwa na upepo hadi ufuoni, na ndani yake chupa za plastiki zilikuwa zimenasa kwa wingi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 28 Agosti 2017, na kweli tuliipata michache. Chupa, vifuniko, soli za kandambili na vipande vya nyavu ndivyo vilivyojaza magunia yetu. Vijana wa Kisumu wanafuata mpango wa beji ya Plastic Tide Turners, ulioandaliwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa pamoja na vyama vya vijana vikiwemo vya maskauti, na ninachokipenda katika mpango huo ni kwamba kijana huanza kwa kuchunguza plastiki anayoitumia nyumbani kwao kabla ya kwenda kuokota ya wengine.

Usiku, kwenye moto wa kambi, viongozi wawili wa kujitolea walivishwa beji ya mbao, ambayo ni shanga mbili ndogo za mti kwenye uzi wa ngozi. Mafunzo ya beji hiyo yalianza Gilwell Park, Uingereza, mwaka 1919, chini ya Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, ambaye kaburi lake tunalo hapa kwetu Kenya, mjini Nyeri, tangu Januari 1941. Mmoja wa hao wawili ni mama anayeuza samaki katika soko la Kibuye siku za kazi na kuongoza watoto wa Sungura, yaani maskauti wadogo kabisa, siku za mapumziko. Halipwi chochote, na nauli ya mafunzo aliilipa kwa fedha zake. Watoto wake wa Sungura walipiga makofi kupita wakati uliowekwa, wala hakuna aliyewazuia.

Kabla ya kuvunja kambi viongozi tulikaa, tukakubaliana kwamba vikosi vya juu na vya chini ya Nyando vitumie daftari la aina moja. Mvua za masika zikianza, kikosi cha Ahero kitapanda Londiani kusaidia kwenye vyanzo vya maji, na wetu wa Nakuru watashuka Ahero kuwafundisha waendesha bodaboda wa huko. Kambi ijayo itakuwa Londiani kwa Babu, na ripoti ya kwanza kusomwa itakuwa ya ile mianzi tuliyoishusha kando ya daraja.