Picha 200 za Kilimia

Neno la wiki: Ayubu 38:31, Zaburi 8:3-4

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Mwezi wa nane nilikwenda kumsalimia shangazi yangu kijijini, upande wa Mpwapwa. Kule mwezi ukishazama, giza linakuwa giza kweli. Saa kumi alfajiri nikatoka nje na kamera yangu ya mtumba, nikaifunga kwenye stendi ya miguu mitatu katikati ya uwanja, nikaielekeza kaskazini mashariki. Upepo wa Dodoma mwezi wa nane unakata masikio. Kundi la nyota la Orioni lilikuwa limeshachomoza juu ya miembe. Juu zaidi, kushoto kwake, kilikuwa Kilimia, kile kishada cha nyota ndogo zilizosongamana, ambazo mwenye macho mazuri huhesabu sita, pengine saba.

Nikapiga picha ya kwanza, sekunde nne. Nilipoitazama kwenye kioo cha kamera niliona nukta chache hafifu, na zaidi ya hapo ni chenga tupu, kama televisheni ya zamani iliyokosa mawimbi. Ukimwonyesha mtu picha ile atakuambia futa.

Sababu ya sekunde nne ni kwamba dunia inazunguka. Ukiacha kamera wazi muda mrefu bila mashine ya kuifuatisha anga, nyota zinavutika na kuwa vimistari. Sisi tusio na mashine hiyo tunapiga picha fupi fupi, nyingi. Alfajiri ile nilipiga 200. Ukizijumlisha ni sekunde 800, yaani dakika 13 na ushei.

Niliporudi mjini nikaziweka kwenye kompyuta. Kuna programu za bure zinazozipanga picha moja juu ya nyingine, nyota juu ya nyota yake, kisha zinachukua wastani. Hapo ndipo pananishangaza kila mara, na naomba mnivumilie nilieleze taratibu. Chenga huanguka ovyo. Kwenye picha hii imeangukia hapa, kwenye ile imeangukia pale. Nyota haifanyi hivyo. Ukishazilinganisha picha, mwanga wake unarudi palepale, mara ya kwanza, ya hamsini, ya mia mbili. Kwa hiyo ukichukua wastani, chenga zinamezana zenyewe kwa zenyewe na mwanga unabaki. Kwa picha 200 chenga hupungua karibu mara 14. Sikuongeza kitu chochote. Kila picha ilikuwa na kipande chake cha mwanga tangu mwanzo, ila kilifunikwa.

Na picha ilipokamilika, pembeni mwa nyota mmoja wa Kilimia aitwaye Merope nikaona kitu kama moshi wa buluu, hafifu sana, kama ule unaobaki jikoni moto ukishazimwa.

Ule si moshi. Ni vumbi, wingu la vumbi ambalo Kilimia kinapita ndani yake. Zamani wataalamu walidhani ni mabaki ya wingu lililozizaa nyota zile, baadaye ikaonekana kwamba vimekutana tu njiani. Vumbi lenyewe halina mwanga wake. Linaonekana kwa sababu nyota iko karibu nalo, na rangi inakuwa ya buluu kwa kuwa chembe ndogo hutawanya zaidi mwanga wa buluu. Mwaka 1885, kule Paris, ndugu wawili, Paul na Prosper Henry, walipiga picha ya Kilimia wakakuta wingu kuzunguka nyota nyingine, Maia. Watu walikuwa wamekitazama kishada hicho kwa darubini kwa zaidi ya miaka 270, na wingu lile halikuwa limegunduliwa. Jicho halikusanyi mwanga; kinachoingia sasa hivi kinapita. Kamera inakusanya.

Wapendwa, niseme langu. Mwaka ule mama alipougua, nilisali kila alfajiri kabla ya kwenda hospitali, na sikuhisi kitu. Nilikuwa nasinzia. Nilikuwa nawaza bili, nawaza ada ya mtoto, nasali maneno yaleyale ya jana. Kila siku niliandika kwenye daftari tarehe na mistari miwili mitatu, kwa mazoea tu. Mama alilala katika Bwana mwezi wa kumi na moja, na daftari nikalitupa kabatini. Nililifungua baada ya mwaka mzima, nikalisoma lote kwa usiku mmoja. Malalamiko yalikuwa ya kila aina, leo hili, kesho lile. Lakini karibu kila ukurasa, katikati ya malalamiko hayo, kulikuwa na jambo moja la kushukuru: uji ameumaliza. Jirani ameleta ndizi. Usiku amelala. Dada wa zamu amemwimbia. Kwa siku yenyewe nisingeweza kukuambia kwamba Mungu alikuwa chumbani mle. Kwa kurasa mia na kitu nilimwona.

Ndiyo maana picha ninayoipenda kuliko zote si ya Kilimia na wala si yangu. Desemba 1995, Robert Williams, aliyekuwa mkurugenzi wa taasisi inayoendesha darubini ya anga ya Hubble, aliamua kuielekeza darubini ile mahali ambapo hapakuonekana kuwa na kitu, ndani ya kundi la nyota la Dubu Mkubwa. Eneo lenyewe ni dogo kama punje ya mchanga uliyoishika kwa mkono ulionyooshwa. Kabla ya hapo baadhi ya wenzake walimwonya asipoteze muda wa chombo cha thamani namna ile. Na Hubble yenyewe ilikuwa imeshatia watu aibu, kwani ilirushwa mwaka 1990 kioo chake kikiwa kimesuguliwa vibaya kwa kiasi kidogo mno, kidogo kuliko unene wa unywele, na ikabidi wanaanga waende kuirekebisha mwaka 1993. Hata hivyo wakakaa wanapakodolea macho mahali pale peusi kwa siku kumi, picha 342. Walipoziunganisha wakahesabu galaksi kama 3,000, kila moja na mabilioni ya nyota zake.

Naomba nigusie jambo lingine kwa upendo. Kwenye makundi yetu inazunguka picha iitwayo Jicho la Mungu, yenye maneno kwamba hutokea mara moja kila miaka 3,000 na ukiituma kwa watu kadhaa utapata muujiza. Picha ni ya kweli, na ni nzuri ajabu. Ni wingu la Helix, gesi iliyopulizwa na nyota inayokufa, umbali wa miaka ya nuru kama 650, yaani mwanga wake hutumia miaka kama 650 kutufikia, na lipo pale mwaka hadi mwaka kwa yeyote mwenye darubini. Maneno yaliyobandikwa ndiyo ya uongo. Ayubu aliwauliza rafiki zake kama watasema udanganyifu kwa ajili ya Mungu, na swali hilo ni letu pia kila tunapobonyeza kutuma. Utukufu wa Bwana hauhitaji chumvi yetu.

Bwana alipomjibu Ayubu kutoka katika upepo wa kisulisuli, alimuuliza: "Je! Waweza kuufunga mnyororo wa Kilimia, au kuvilegeza vifungo vya Orioni?" Nafurahi kwamba waliotutafsiria Biblia walitumia jina letu wenyewe. Kilimia, kutoka kulima. Wazulu nao wanakiita isiLimela. Wazee wa pwani wanasema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mungu alimuuliza Ayubu habari za nyota ambazo mkulima anazijua kwa jina.

Mwanga wa Kilimia unatumia takribani miaka 440 kutufikia. Ulioingia kwenye kamera yangu alfajiri ile ulianza safari kabla Wareno hawajaanza kujenga ngome ya Fort Jesus pale Mombasa mwaka 1593. Daudi anasema "nikiziangalia mbingu zako", halafu hapohapo anauliza mtu ni kitu gani hata Mungu amkumbuke. Nami nilikuwa nimesimama pale na koti la kuazima, vidole vimekufa ganzi.

Nilirudi kwa shangazi wiki tatu baadaye, picha ikiwa kwenye simu. Akavaa miwani, akaitazama muda mrefu, akaukuza ule moshi wa buluu kwa vidole viwili.

"Baba yangu alikuwa anakisubiri hiki ndipo atoe jembe," akasema. "Lakini hili wingu hakuwahi kutuambia."

Nikamwonyesha na ile picha ya kwanza, ya chenga.

"Hii nayo imo humu?"

"Imo, shangazi. Zote mia mbili zimo."

Akavua miwani, akanirudishia simu. "Haya, baba, ingia ndani. Hatujasali."